Mwongozo wa madoa: lipi lishughulikiwe kabla ya kufua, lipi liachwe liende na maji

Wengi wetu tulifundishwa kufua kwa mtindo mmoja: loweka zote, fikicha, suuza, anika. Doa likigoma, ongeza sabuni. Likigoma zaidi, mwaga Jik. Kwa uchafu wa kila siku mtindo huo unatosha kabisa. Kwa mchuzi wa biriani kwenye kanzu nyeupe, au damu kwenye shuka, huo ndio unaolifanya doa lihamie moja kwa moja.

Swali basi ni doa lipi lishughulikiwe kabla ya kufua na lipi liachwe, na jibu ni hili. Doa lenye mafuta, lenye protini (damu, maziwa, yai) au lenye rangi (chai, manjano, wino) lishughulikie peke yake kabla nguo haijaingia kwenye beseni au mashine. Mengine yaache yaende na wenzake.

Sababu yenyewe ni hesabu tu. Kijiko cha sabuni ya unga kwenye ndoo ya lita 20 kinagawanywa kwa maji yote na nguo zote; doa la ukubwa wa sarafu linaambulia chembe. Tone moja likipakwa juu ya doa na kukaa dakika kumi linafanya kazi ambayo beseni zima lisingeifanya. Unaokoa na kitambaa pia, maana kufikicha kwa nguvu kunachosha nyuzi. Kola nyingi huchanwa na mikono ya mfuaji kabla hazijachakaa kwa kuvaliwa.

Faida nyingine wanaijua wanaofulia maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni ya mche kwenye maji hayo haitoi povu, inaacha utando wa kijivu. Huwezi kufulia nguo zote maji ya mvua, lakini kikombe kimoja cha maji laini cha kutolea doa hakikosekani.

Yasiyohitaji kusumbuliwa

Vumbi, jasho la siku moja, majivu, juisi ya machungwa iliyomwagika sasa hivi na kusuuzwa papo hapo: loweka kama kawaida.

Matope yana kanuni yake, nayo ni subira. Udongo mwekundu, uwe wa Kilimanjaro au wa Kiambu, ukiupangusa ukiwa mbichi unausukuma ndani ya nyuzi. Uache ukauke kabisa. Ukung'ute, pitisha brashi kavu, ndipo uloweke. Sehemu kubwa itakuwa imeshaanguka chini bila tone la maji.

Vitu vya kuwa navyo

Huhitaji dawa ya bei. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sabuni ya mche, sabuni ya unga, siki nyeupe au ndimu, chumvi, spiriti ya dukani kwa dawa, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 (nayo iko famasi), mswaki wa zamani wenye nywele laini, na vitambaa vyeupe viwili vitatu. Kitambaa cha rangi usikitumie, kitakuongezea doa la pili.

Ukinunua sabuni ya unga, angalia kama imeandikwa ina vimeng'enya (enzymes). Hivi ndivyo vinavyovunjavunja protini, wanga na mafuta, na vinapenda muda kuliko nguvu za mikono. Jambo hili si geni: mkemia Mjerumani Otto Röhm alipata hataza ya kutumia vimeng'enya kufulia mwaka 1913, na alichokiuza kilikuwa dawa ya kulowekea nguo kabla ya kufua. Vinafanya kazi vizuri kwenye maji ya vuguvugu. Maji yanayochemka yanaviua, na fedha yako inaenda nayo. Usivitumie kwenye hariri wala sufu, maana nyuzi za vitambaa hivyo zenyewe ni protini.

Hatua za kufuata kwa doa lolote

Hatua ya 1. Ondoa kilicho juu. Chukua kijiko au mgongo wa kisu, kwangua kwa upole. Kama ni kimiminika, bonyeza kwa kitambaa kikavu ukitokea pembeni kuelekea katikati. Usipanguse huku na huko, doa litatanuka.

Hatua ya 2. Jaribu dawa mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya pindo. Weka tone, subiri dakika tano, bonyeza kwa kitambaa cheupe. Rangi ya nguo ikihamia kwenye kitambaa, acha. Vitenge, kanga mpya na batiki hasa ndizo zinazohitaji hatua hii.

Hatua ya 3. Geuza nguo. Laza doa likiangalia chini juu ya kitambaa cheupe kilichokunjwa, kisha weka dawa kwa nyuma. Unataka doa litoke kwa mlango lilioingilia, lisivuke kitambaa chote kwenda upande wa pili.

Hatua ya 4. Paka, papasa kwa kidole au mswaki, halafu ondoka. Dakika 10 hadi 15 zinatosha kwa madoa mengi. Weka kivulini na usiache dawa ikaukie hapo, kwa sababu sabuni iliyokauka nayo inaacha alama. Sabuni ya unga uikoroge kwanza ikawa uji. Ukiinyunyiza kavu kwenye nguo ya rangi iliyolowa, inaweza kuacha mabaka yaliyopauka.

Hatua ya 5. Suuza sehemu hiyo tu na uangalie. Doa likiwa limepungua, rudia. Likiwa halijatikisika, pengine umekosea aina yake. Badilisha dawa, lakini suuza ya kwanza yote kabla ya kuweka ya pili.

Hatua ya 6. Sasa fua na zingine.

Hatua ya 7. Ikague nguo kwenye mwanga kabla ya kuipiga pasi. Kama kuna hatua moja ya kuibandika ukutani karibu na beseni, ni hii. Joto la pasi, au la mashine ya kukaushia kwa walioko Ughaibuni, linalichoma doa likashikamana na nyuzi. Nguo yenye kivuli cha doa irudi kwenye hatua ya 4 ikiwa bado mbichi.

Mafuta

Haya ndiyo yanayotuhadaa. Nguo inatoka kwenye beseni inaonekana safi, inakauka, unaipiga pasi, ndipo duara la kijivu linapojichora kifuani. Mafuta yanafukuza maji, kwa hiyo ukiloweka kwanza umeyawekea ngao. Doa la mafuta linaanzwa kavu.

Nyunyizia poda ya mtoto au unga wa sembe, acha dakika 20 unyonye, kung'uta. Kisha dondoshea sabuni ya vyombo moja kwa moja kwenye kitambaa kikavu na uisambaze kwa kidole mpaka sehemu yote ibadilike rangi sawasawa. Pakibaki vipande vyenye kung'aa tofauti, sabuni haijafika. Dakika 15. Suuza kwa maji ya moto kiasi ambacho kitambaa kinaweza kustahimili. Poliesta inang'ang'ania mafuta kuliko pamba, kwa hiyo jezi na shati la sare zisizo za pamba tupu ziandalie duru mbili tangu mwanzo.

Mawese, wanayoyajua vizuri watu wa Kigoma, Bujumbura na Kongo nzima, ni doa la mawili: mafuta, na rangi ya karotini inayoyafanya yawe mekundu. Maji ya baridi yanayagandisha. Tumia sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu. Wekundu utakaobaki, jua litaumaliza.

Grisi ya pikipiki inaanza na mafuta yenzake. Paka mafuta kidogo ya kupikia au vaselini, sugua yalegee, pangusa weusi, halafu sabuni ya vyombo. Mafundi wengi hutumia mafuta ya taa au petroli. Yanatoa kweli, ila nguo iliyoguswa na vitu hivyo isiingie kwenye mashine wala kusogea karibu na jiko mpaka isuuzwe, ianikwe nje na harufu iishe.

Na attari: ipake mwilini kabla ya kuvaa kanzu. Yale madoa ya manjano kifuani ni mafuta tu, na hayana adabu hata kwa siku ya Idi.

Manjano

Mchuzi wenye binzari ya manjano unaogopesha kwa jambo moja: unapaka sabuni, doa la njano linageuka jekundu kama damu ya mzee. Watu hutupa nguo hapo. Usiitupe. Rangi ya manjano, iitwayo kurkumini, inabadilika kuwa nyekundu ikikutana na magadi yaliyomo kwenye sabuni. Ukikamulia ndimu inarudi kuwa njano mbele ya macho yako. Hakuna kilichoharibika.

Kurkumini inayeyuka kwenye mafuta zaidi kuliko kwenye maji, na mchuzi wenyewe una mafuta, kwa hiyo anza na sabuni ya vyombo kama hapo juu. Rudia hata mara mbili. Kitakachobaki ni kivuli cha njano, na dawa yake iko juu ya paa: mwanga unaivunja rangi hii. Anika nguo nyeupe ikiwa mbichi, doa likitazama jua, na uirushie maji inapokauka. Siku moja au mbili za jua kali zinafanya kazi kuliko Jik. Kwa nguo ya rangi punguza muda, isije ikapauka yote ukalimaliza doa kwa kuimaliza nguo.

Damu, maziwa, yai

Maji ya baridi. Maji ya moto yanaigandisha protini ndani ya nyuzi, vilevile yai linavyoganda kwenye kikaango, na baada ya hapo unapigana na kitu kilichopikwa.

Damu mbichi ishikilie chini ya maji ya bomba yanayotiririka, kwa upande wa nyuma, hadi maji yawe meupe. Mara nyingi inaishia hapo. Ikibaki, paka sabuni ya mche, acha dakika kumi, suuza tena kwa baridi. Iliyokauka iloweke saa moja au mbili kwenye maji baridi yenye chumvi, kijiko kimoja kwa lita, ndipo uendelee. Kwa nguo nyeupe za pamba, matone ya haidrojeni peroksaidi yatachemka povu juu ya doa. Panguza, rudia, suuza. Nguo za giza zinaweza kupauka kwa dawa hiyo, kwa hiyo pindo lijaribiwe kwanza. Ndiyo njia ya damu ya hedhi pia, na shuka likilowekwa asubuhi hiyohiyo halihitaji kingine.

Nguo za mtoto zina mtego wao. Unazifua, zinaonekana safi, unazikunja kumsubiri mdogo wake, unazitoa baada ya mwaka zina mabaka ya njano shingoni. Ni maziwa yaliyobaki kidogo yakabadilika taratibu kabatini. Kabla ya kuzihifadhi, ziloweke usiku mmoja kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vimeng'enya. Mabaka ya zamani nayo jaribu hivyohivyo, mengi hulegea.

Chai, kahawa, juisi, divai

Hapa nitawaudhi wapenzi wa sabuni ya mche. Vinywaji hivi vina tanini, kemikali ya mimea yenye ukakasi inayoacha doa, na sabuni ya asili iliyotengenezwa kwa mafuta inaweza kuifanya tanini ing'ang'anie. Mche ni mzuri kwa kola na damu. Kwenye chai uweke pembeni. Suuza kwa maji baridi haraka, paka siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu au maji ya ndimu, dakika kumi, kisha sabuni ya unga au ya vyombo.

Chai ya maziwa ni protini na tanini pamoja. Maji baridi kwanza kwa ajili ya maziwa, halafu siki kwa ajili ya majani. Ukianza na maji ya moto, maziwa yanaganda na kuifungia rangi ya chai ndani.

Kola na kwapa

Mstari mweusi wa kola ni mafuta ya ngozi yaliyokamata vumbi. Lowanisha kola, pitisha sabuni ya mche kavukavu juu ya mstari mpaka ifunikwe na utando mweupe, kunja kola, iache dakika 15. Kisha mswaki kwa kufuata nyuzi, wala si kwa mduara. Utashangaa jinsi inavyotoka bila kutoa jasho.

Njano ya kwapa ni habari nyingine. Inatokana kwa sehemu kubwa na chumvi za aluminiamu zilizomo kwenye dawa za kuzuia jasho, zikichanganyika na jasho lenyewe. Jik inazidisha njano hiyo. Loweka kwapa nusu saa kwenye siki moja na maji mawili, suuza vizuri, halafu saa moja au zaidi kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vimeng'enya.

Wino, utomvu, kutu, ukungu

Wino wa kalamu ya bairo kwenye shati la shule: spiriti, au kitakasa mikono chenye alkoholi. Doa chini, kitambaa cheupe chini yake, bonyeza kwa pamba iliyolowa. Utaona buluu inashuka kwenye kitambaa cha chini. Kihamishe kila kinapojaa, la sivyo unaurudisha wino ulikotoka.

Utomvu wa fenesi unalegezwa na mafuta ya kupikia, kisha sabuni ya vyombo, kama unavyofanya kwa kisu. Wa mgomba ni mkaidi zaidi: ukiwa mbichi unaonekana kama maji, halafu unageuka kahawia mpaka mweusi. Saa yake ni ya kwanza tu. Mabibo nayo, waulize wa Mtwara na Lindi, wana nguo maalumu za shambani na hawahangaiki nazo.

Kutu inatoka kwenye waya wa kuanikia na vibanio vya chuma. Chumvi na ndimu juu ya doa, jua saa moja au mbili ukiongeza ndimu inapokauka, suuza. Jik hapana kabisa, inalikoleza.

Vidoadoa vyeusi vya ukungu, ugonjwa wa makabati ya pwani, vipigie brashi nje kwanza. Pamba nyeupe inaweza kupata Jik iliyozimuliwa. Nguo ya rangi ipate siki na jua, na ukubali kwamba alama nyingine zitabaki.

Kuhusu Jik

Tunaiita Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine: dawa ya klorini. Nafasi yake ni mwisho, kwenye pamba nyeupe tupu, ikiwa imezimuliwa kwa kipimo cha kwenye chupa. Usiimimine juu ya doa. Kesho utaona tundu. Hariri na sufu inaziharibu. Poliesta na nguo zenye mpira inaweza kuzigeuza njano.

Na usiikutanishe na siki, ndimu wala dawa za chooni. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Kwenye bafu dogo lisilo na dirisha huo si mzaha. Kama ulishapaka ndimu, suuza kwa maji mengi, na afadhali Jik isubiri siku nyingine.

Ukiwa na mashine

Mashine haibadilishi chochote katika haya. Paka dawa, subiri robo saa, ingiza nguo doa likiwa bado limelowa. Soma lebo kabla ya kuchagua joto, na nguo yenye damu isianze na joto la nyuzi 60. Ile programu ya kufua kabla ya kufua inafaa kwa matope na nepi, ila hailengi doa. Inaisuuza nguo nzima tu.

Doa la zamani, na la mtumba

Nguo ya mtumba yenye doa mara nyingi imeshafuliwa, ikakaushwa kwa joto, ikakaa kwenye belo muda mrefu. Ndiyo maana ukichagua, tazama kola, kwapa na pindo la mbele kabla ya kutazama nembo. Kama umeipenda hata hivyo, ipe usiku mmoja kwenye maji ya vuguvugu na vimeng'enya, halafu sabuni ya vyombo kwa kinachobaki. Ikishindikana mara mbili, ipeleke ikapakwe rangi ya giza au ushone kiraka cha maana juu yake. Kuendelea kusugua kutakuachia doa na tundu.

Ukiipeleka kwa dobi, mwonyeshe doa kwa kidole na umwambie ni la nini na lina siku ngapi. Mtajie na kila ulichokwisha kupaka, Jik hasa, kwa sababu yeye naye anaweza kuwa anakaribia kuliwekea asidi.